Kijiko Kimoja cha Ndagala

Zena,

Usitafute salamu hapa juu. Wiki tatu sasa unapita sebuleni kana kwamba mimi ni kabati, na sitaanza kukubembeleza kwa karatasi. Leo ni Jumapili, saa kumi alasiri. Wewe umekwenda kuaga rafiki zako, mama yako yuko chumbani anakupangia nguo kwa hasira, nasikia droo zinavyobamizwa. Mimi niko jikoni. Nakuandikia Kiswahili makusudi, maana nikiandika Kifaransa utachukua kalamu unisahihishe, na leo sitaki kusahihishwa na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Kesho saa nne treni yako inaondoka Gare du Nord hapa Brussels kwenda Ostende, pwani, kwa shangazi yako Mariamu, kwenye kiwanda cha kupakia samaki. Wewe! Mtu ambaye mwaka wa pili huu hajagusa kitu chenye macho, unakwenda kusimama kutwa nzima mbele ya samaki waliogandishwa. Nilipokuuliza kwa nini hasa huko, ulinijibu bila kuniangalia: "Mtu asiye na ulimi anaifaa kazi hiyo, baba." Nikapandwa na hasira. Nikakwambia nenda basi, nani amekushika mguu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana.

Mambo ya soksi za sufu, karatasi za manispaa, na kutofungulia mlango watu usiowajua, mama yako ameshayasema mara kumi. Mimi nina neno moja tu, na nitalizungukia kwanza kabla sijalisema, kwa sababu mimi ni mwoga, na huo uoga wangu ndio uliotufikisha hapa. Vumilia. Ukishindwa, chana hii barua, lakini uichane ukishafika mwisho.

Tuanze na bibi yako, mama yangu, maana kila ugomvi wa nyumba hii unaanzia kwake. Wewe ulimjua ameshazeeka, hana nguvu. Mimi nilimjua sokoni Buyenzi, kule Bujumbura, amekaa nyuma ya kilima cha ndagala, mkono mmoja unapima kwa kopo, mwingine unafukuza nzi, na mdomo unamfukuza yeyote anayesema ndagala zina mchanga. Hao samaki wadogo wa Tanganyika, ambao Watanzania wanawaita dagaa, ndio walionivisha, ndio walionisomesha, na siku ya kuposa kwa akina mama yako tulikwenda na kapu lao kichwani. Bibi yako alikuwa anasema nyumba yenye ndagala haizikwi na njaa. Nilikuwa naliamini neno hilo kuliko nilivyoamini barua ya serikali.

Halafu ikaja ile miezi ya ukimbizi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, unakumbuka kila kitu, usijifanye. Tulitoka Bujumbura kwa miguu hadi Uvira, upande wa Kongo, watu wanne na gunia moja la ndagala. Tukapewa chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa bati. Miezi minne tulikula ndagala na ugali kidogo, na ugali ulipokwisha tulikula ndagala peke yake. Bibi yako alikuwa anabaki na mkia anakupa wewe kichwa, anasema kichwani ndiko kwenye akili. Nikifikiri sasa, naona alikuwa hali kabisa. Alifia mle ndani, kando ya gunia, na jioni ile sisi tulikula tena ndagala, kwa sababu hakukuwa na kingine.

Mimi niliondoka Uvira na jambo moja kichwani: ndagala zimeniokolea mtoto. Wewe uliondoka na jingine, na hukuniambia mpaka mwaka juzi, siku ile ulipotangaza mezani kwamba huli tena kitu chenye macho. Mama yako alikuwa amezipika vizuri, na mawese na nyanya chungu. Ukasukuma sahani. Nikakuuliza hawa Wazungu wamekufundisha ujinga gani. Ukasema polepole: "Baba, hii harufu ni ya chumba kile. Nikiinusa namwona bibi amelala chini na sisi tunakula."

Unakumbuka nilivyokujibu? Mimi nakumbuka. Nilisema: "Bila hii harufu ungelala naye." Nikajiona nimetoa neno la hekima. Mama yako aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Bon. Ukaacha nyama, ukaacha samaki, ukaacha na yale masomo ya ukarani, ukaenda kumpata Mjapani wako. Nilikuwa namchukia Madame Hisako kabla sijamwona. Mwanamke mzee, mgahawa wa meza nne kwenye kichochoro nyuma ya Chaussée d'Ixelles, hauna nyama, hauna samaki, hauna hata kitunguu, na watu wanakaa mle wanakula kimya. Kwetu watu wakila kimya ujue kuna msiba. Ulianza kwa kuosha vyombo, ukafikia kukata karoti, kisha akakwambia hakufundishi zaidi mpaka ujue kupika maji. Ulirudi nyumbani unacheka: "Baba, najifunza kupika maji!" Nikamwambia mama yako, huyu mtoto amerogwa.

Nilidhani ni mzaha. Ukaja na mfuko wa kombu, lile jani la baharini lililokaushwa, jeusi, gumu kama soli ya kiatu, na mfuko mwingine wa uyoga mkavu. Ukachagua sufuria moja ukasema hii ni yangu, asiiguse mtu. Ukapanga chupa za kioo kwenye frigo. Yale maji mnayaita dashi, na Madame alitaka kila Jumanne umpelekee chupa moja uliyoitengeneza nyumbani, peke yako, hakuna wa kukusimamia. Alisema mpishi anajulikana kwa chakula anachopika asipotazamwa.

Siku ya kwanza nilitaka kukusaidia. Nilitaka kuapa hapa kwamba nia yangu ilikuwa njema, nimejizuia, na mbele utaona kwa nini. Nilirudi kazini nikakuta jani lako mezani lina unga mweupe. Nikasema maskini, mtoto wangu ameuziwa kitu chenye ukungu. Nikachukua brashi, chumvi na maji ya moto, nikalisugua mpaka likang'aa. Ulipoingia ulipiga ukelele kama mtu aliyekuta paka kwenye chungu. Kumbe ule unga ndio utamu wenyewe, hauoshwi, unapanguswa kidogo tu na kitambaa. Wiki iliyofuata nikaikuta sufuria yako kwenye moto mdogo, imekaa pale haisemi kitu. Kwetu kisichochemka hakijaiva. Nikaongeza moto. Ikachemka, ikatoa povu, jani likavimba likatoa ute kama bamia, na maji yakawa machungu. Ulimwaga yote, ukaniambia nisikanyage jikoni ukiwemo. Jikoni kwangu! Mimi ambaye nafanya kazi jikoni!

Na kazi yangu ndiyo iliyonitia wazimu. Unajua, tangu tufike Brussels napanga trei za wagonjwa katika jiko la hospitali kule Woluwe. Siwaoni wagonjwa, naona trei zao zinavyorudi. Kulikuwa na msichana mmoja, jina kwenye kikaratasi, trei yake ilikuwa inarudi haijaguswa. Siku ya kwanza, siku ya tano, siku ya kumi. Halafu kile kikaratasi hakikuja tena. Huenda alipona akaenda kwao. Sikuuliza. Nilirudi nyumbani nikakukuta wewe, mashavu yamekwisha, unakunywa maji ya majani kwenye bakuli kwa mikono miwili na kusema umeshiba.

Ndipo ukaanguka kwenye ngazi za metro pale Madou. Nikapigiwa simu kazini, nikatoka na aproni. Daktari alisema damu imepungua kidogo, ale dengu, apumzike, alale. Mama yako alisikia "kidogo". Mimi nilisikia "damu imepungua". Alianza kukupikia dengu kila siku, na wewe ukazila, na ukapata nafuu, nakubali. Lakini mimi sikuwa na macho ya kuona nafuu. Nilikuwa nimerudi kwenye chumba kile cha Uvira, na gunia liko pale, na mwanangu anakataa kula.

Sasa nimefika.

Nilikwenda kwenye lile duka dogo hapa kwetu Saint-Josse ambako mama yako ananunua mawese, nikachukua ndagala. Nilizisaga kwenye mashine ya kahawa. Nikazichekecha kwa kitambaa mpaka zikawa unga kama wanja. Kila ulipotia chupa zako kwenye frigo na kutoka, nilifungua moja moja, nikatia kijiko kimoja cha chai, nikatikisa, nikangoja, nikachuja kwa karatasi ya kahawa ili maji yabaki safi. Miezi mitatu, Zena. Ni mimi. Hukukosea jani, hukukosea moto, hukukosea maji. Ni mimi, baba yako, kwa mikono yangu, na niliosha kijiko kila mara.

Mama yako alinigundua wiki ya pili. Alikunywa kahawa akatema. "Rajabu, hii kahawa imepita ziwani?" Nikamwambia kila kitu, nikadhani atanipongeza. Aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Umempa mtoto wako kile alichokuomba usimpe. Mpikie mawe, mpikie chochote, lakini si hicho." Nikamwambia wewe hujui njaa. Mwanamke tuliyekaa naye chumba kimoja Uvira, namwambia hajui njaa. Ndivyo nilivyo nikibanwa, nampiga mtu wa karibu kwa neno lililo karibu.

Chupa ya Jumanne ulikuwa unaifunga uzi mwekundu shingoni, na hiyo sikuigusa hata mara moja. Nilijisifu kwa hilo. Nilijiambia namlisha mtoto, simharibii kazi. Mwizi naye hujisifu kwamba aliacha mlango umefungwa.

Mara mbili ulisema, "Baba, hii leo ina ladha nyingine." Nikasema ni uyoga. Nikasema ni maji ya bomba ya Brussels, yana chokaa, huoni birika lilivyo? Ukainamisha kichwa ukanywa. Kila ulipoinamisha kichwa hivyo nilifurahi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi.

Halafu ile Jumanne yenyewe. Jioni ya kuamkia siku hiyo chupa yenye uzi ilikuponyoka ikavunjika, ukapangusa sakafu unalia. Asubuhi ukachukua nyingine kwenye frigo, katika zile za nyumbani. Mimi nilikuwa mezani hapa hapa, na mkate mkononi. Ukamimina kidogo kwenye kikombe, ukaonja. Ukaonja tena, macho umeyafumba.

"Baba, hapa kuna samaki."

"Samaki atoke wapi?"

"Sijui. Lakini yupo."

"Ni uyoga."

"Baba, niambie kweli. Leo ndiyo Madame anaamua kama nabaki au naondoka."

Mama yako alikuwa amesimama pale kwenye sinki, na mgongo wake ulikuwa unanisubiri. Mlango ulikuwa wazi kabisa, Zena. Ningesema "nisamehe, mwanangu", ungenipigia kelele dakika kumi, ungempigia Madame simu ukamwambia chupa imevunjika, basi, tungemaliza. Lakini niliona mgongo wa mama yako, nikaona macho yako, nikaona mtu mzima nimekamatwa jikoni kama mtoto aliyedokoa sukari. Kiburi kikanipanda. Nikainua mkono wangu wa kulia, huu ninaoandikia, nikasema:

"Wallahi, hakuna kitu humo."

Wewe unajua mimi siapi. Sikuapa kwenye ofisi ya wageni walipotuuliza habari zetu mara tatu. Sikuwahi kuapa mbele yako tangu uzaliwe. Ukanitazama, ukafunga chupa, ukaifunga kwa uzi, ukaondoka.

Ulirudi saa nane. Ukaweka kisu chako mezani kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa. Ukasema, "Nimeshindwa. Sina ulimi." Ukaingia chumbani. Mfuko wa kombu ukautia kwenye takataka. Wiki ile ile ukampigia shangazi yako Ostende. Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nasema moyoni kesho nitamwambia, kesho, kesho. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kabla ya kifo anakaa mezani, anakula, anauliza chumvi iko wapi.

Nilifunga siku tatu, kafara ya kile kiapo. Hukuona, kwa sababu hunitazami. Nikamwendea shekhe baada ya sala, nikamwuliza habari za rafiki yangu mmoja aliyeapa uongo. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Nikasema huyo rafiki ameshafunga siku tatu. Akasema: "Mwambie huyo rafiki yako afunge hata mwaka. Haki ya mtu hurudishwa kwa mtu." Nikatoka bila kumuaga.

Jana, Jumamosi, nilikwenda kwa Madame Hisako. Naam, mimi. Nilivaa koti la Idi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, na sehemu kubwa ya hotuba ilikuwa ya kumlaumu yeye: kwamba amekukondesha, kwamba amemfukuza mtoto wa watu kwa sababu ya kijiko. Alifungua mlango wa nyuma, mdogo, ananifika kifuani, hakunikaribisha kiti. Nikamweleza. Alinisikiliza huku anamenya figili. Nilipomaliza akauliza:

"Vijiko vingapi, Monsieur?"

"Kimoja. Cha chai."

"Ndiyo. Kimoja. Na ni samaki wa ziwani, si wa baharini."

Akaendelea, bila kunitazama. Akasema kwao watu wengi wanatia samaki ndani ya dashi. Samaki wadogo wakavu, kama wangu. Mama yake mwenyewe alikuwa anatia. Si dhambi, si sumu. "Mimi siweki," akasema. "Binti yako haweki. Wewe ulimwekea."

Nikamwambia basi mrudishe, maana kosa si lake. Hapo ndipo alipoweka kisu chini. Na aliyoniambia hapo, Zena, ndiyo yaliyonifanya nikae leo na kalamu, maana wewe hukutuambia hata nusu yake.

"Nilimwuliza, ulionja kabla ya kuja? Akasema ndiyo. Nikamwuliza, ulionja nini? Akanyamaza. Nikamwuliza mara ya pili. Akasema: 'Baba yangu ameapa. Baba yangu haapi ovyo. Kwa hiyo ni mimi.' Ndiyo maana nilimwambia aende. Siwezi kupika na mtu anayeutupa ulimi wake kwa ajili ya mtu mwingine."

"Hata kama huyo mtu ni baba yake?"

"Hasa akiwa baba yake."

Nilimchukia, Zena, nilimchukia mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikatembea kwa miguu kutoka Porte de Namur mpaka nyumbani, kwa mvua, nikimtukana kwa lugha nne. Na nilipofika kwenye mlango wetu matusi yakaisha, nikabaki na lile neno lako. Baba yangu haapi ovyo.

Sasa nisikilize, kwa sababu na wewe nina hasira nawe. Usidhani nimekaa hapa kujipaka majivu peke yangu. Ulijua! Ulionja, ukasema, na ulikuwa sahihi. Halafu ukaenda kusimama mbele ya yule mwanamke ukajitukana mwenyewe ili jina langu libaki safi. Nani alikuomba? Ulikuwa unanilinda mimi? Mimi niliyekupitisha mpakani mgongoni ulipovimba miguu, leo wewe ndiye unayenibeba? Ungerudi unigombeze. Ungevunja sufuria. Ungeitupa ile mashine ya kahawa dirishani, ingemwangukia jirani, tungeitiwa polisi, ningefurahi. Badala yake unaninunia wiki tatu, unajikatia tiketi ya kwenda kunusa samaki maisha yako yote, ili uniadhibu bila kunishtaki. Hiyo tabia mbaya umeitoa wapi? Umeitoa kwa bibi yako, aliyekula mkia akasema ameshiba.

Au labda hukujua. Labda kweli ulimwamini baba yako kuliko mdomo wako. Hilo ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Njaa nilikuwa naiogopa, na njaa haikukugusa. Mimi ndiye niliyekuharibia kitu kizima ulichokuwa nacho, nikakiharibu kwa mkono wa kulia, nimekaa kwenye kiti, nimeshiba mkate. Sijui ipi kati ya hizo mbili ni kweli, na usinijibu. Sina haki ya kujua.

Wosia sina. Ningekuwa nao ningekuwa nimeutumia mwenyewe. Nakwambia tu yaliyonipata mimi: nilimpenda mtu kwa kitu ambacho yeye hakitaki, na kila alipokataa niliongeza kijiko. Na siku nyingine mtu akikuapia kinyume cha ulimi wako, awe mume, awe shekhe, awe mimi, mheshimu ukitaka, lakini usimeze.

Ule mfuko wako niliutoa kwenye takataka siku ile ile uliyoutupa. Jana niliporudi kutoka kwa Madame nilipangusa jani kwa kitambaa, sikuliosha. Nikaliweka kwenye maji baridi, uyoga kwenye bakuli lake. Leo asubuhi nikaweka sufuria kwenye moto mdogo, nikasimama mikono nyuma ili nisiguse kitu. Mama yako alikuja akanitazama akacheka, mara ya kwanza wiki hizi tatu. "Rajabu anapika maji," akasema. Vilipoanza kuonekana vile vipovu vidogo pembeni, nikalitoa jani. Nikachanganya na maji ya uyoga, nikaonja.

Sitakudanganya kwamba nimeyapenda. Ni maji. Lakini nilikaa nayo mdomoni muda, yakaja na utamu wa mbali, na nikangoja ile harufu nyingine ije nyuma yake, ile ninayoijua mimi na wewe. Haikuja. Nilikunywa kikombe kizima na sikuona gunia, sikuona bati, sikumwona mama yangu sakafuni. Nilikaa kwenye hiki kiti nikalia kama mjinga. Miaka mitano yote tangu Uvira ulikuwa unatafuta chakula ambacho chumba kile hakimo ndani yake, ukakipata, na mimi nikakuingizia chumba kile humo kwa kijiko.

Alors. Madame hakuniahidi chochote. Alisema Jumanne, saa tatu asubuhi, uende na chupa, uionje mbele yake, umwambie kilichomo. Alisema usipokwenda atajua, na ukienda atasikiliza. Kisha akanifungia mlango. Sikuombi uende. Sina mdomo wa kukuomba. Kazi ya Ostende ni kazi, shangazi yako ni mtu mwema, na bahari ni bahari.

Lakini kwenye frigo kuna chupa mbili. Hazina uzi, hazina alama. Moja ina jani na uyoga peke yake. Nyingine ina kijiko kimoja, nimekitia leo kwa mara ya mwisho, na mama yako ameshuhudia, kisha ndagala zilizobaki amezipeleka kwa jirani. Kesho asubuhi kabla hujavaa koti, onja zote mbili. Ile yenye samaki imwage kwenye sinki, mbele yangu, na ukitaka kunitukana wakati unamwaga, tukana, mama yako amekubali. Uzi wako mwekundu nimeuweka mezani kando ya tiketi ya treni. Utakachochukua mkononi ni shauri lako.

Usiniulize ipi ni ipi. Nitakuwa nimesimama mlangoni, mikono mfukoni, mdomo nimeufunga. Wewe onja, useme. Na ukisema, "Baba, hapa kuna samaki," safari hii nitakujibu: ndiyo, mwanangu, yupo.

Baba yako,
Rajabu